Mahameli

Nyevu aliuleta ndani ya gazeti la juzi,
umefungwa kamba ya katani kama muwa wa kupelekewa mgonjwa,
akauweka juu ya meza yangu ya kazi, hapa Magongo,
kati ya mguu wa samadari na droo isiyo na kishikio.
"Nataka uvuliwe," akasema.
"Ubaki kama alivyouchonga baba."

Upinde wa mkone.
Mgongoni mahameli nyekundu, kandokando utepe wa dhahabu,
dhahabu ya nguo za kukodi, imeshaota ukijani.
Miaka ishirini na sita ulining'inia Bamburi
juu ya kaunta ya hoteli iliyofungwa mwezi wa tatu,
ukapigwa mnada pamoja na mafriji na mashuka.
Elfu moja na mia tatu.
Alishindana na mwenye baa wa Mtwapa.

Niliugeuza. Nikanusa.
Fundi huijua gundi yake
kama mpishi aijuavyo chumvi ya kiganja chake.
Sikusema kitu. Nikawasha jiko.

Birika lilipoanza kulia niliuelekeza mvuke
shubiri kwa shubiri, nyuma yake kitambaa chenye siki vuguvugu,
kisha nikangoja.
Hapa ndipo wengi huharibu: huvuta.
Ukivuta, nguo huja na nyama.
Tumbo la upinde utalikwangua, litakusamehe;
mgongo hausamehi.
Uzi mmoja wa mti ukikatika mgongoni,
hapo hapo ndipo utakapovunjikia
siku upote utakapokazwa.

Nilitumia kisu cha siagi, butu kabisa.
Kikaingia chini ya mahameli, kikalala, kikasogea.
Nje malori ya makasha yalikuwa yamepangana hadi Mikindani,
madereva wakizima, wakiwasha, wakizima tena.
Tulikwenda mwendo mmoja, wao na mimi.

Nyevu alikalia kopo la rangi.
Alisema baba yake aliwauzia mtupu,
akidhani kuna mtu atakayelenga nao.
Siku moja alipeleka madafu pale,
akauona kupitia dirishani, akauliza,
"Yule bi harusi ni nani?"
Nyevu alicheka. Kisha akaacha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Meneja alinipa gundi, mkasi na shilingi mia mbili:
ufanye uonekane wa kifalme.
Ili gundi ishike niliukwaruza mgongo kwa msasa wa dukani,
nikikata mti mshazari, harakaharaka,
maana kulikuwa na wageni jioni.

Adhuhuri kipande cha mwisho kiliachia.
Kwanza tukakiona kifundo, kidogo kama kiwiko cha mtoto,
ambacho mzee alikizunguka bila kukigusa,
mishipa ya mti ikapita pande zote mbili
kama maji yapitavyo kando ya jiwe.
Kisha, juu ya yote hayo, mikwaruzo.

Aliipitishia kidole.
"Baba alilainisha kwa jani la msasa," akasema,
"la mtini. Tena kwa kuufuata mti.
Hii imekwenda kushoto."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu.
Nikakiweka chini.
Nikachukua mafuta ya nazi na kitambaa,
nikapaka kwa kulia, vibaya,
kama mtoto anayefundishwa kula.

Sikumwahidi kwamba utavuta.
Nilimwambia auache kivulini mwezi mzima,
asiufunge upote, asimpe mjukuu,
na akisikia unatoa sauti, hata ndogo, aache.

"Deni langu?"
"Mia mbili."
Alinitazama usoni, halafu mikononi,
akahesabu noti mbili, akazinyoosha mezani
moja juu ya nyingine,
akaufunga upinde wake kwenye gazeti lile lile.

Mahameli niliitundika dirishani ikauke.
Asubuhi nimeikuta imekakamaa,
imejikunja vile vile, ncha kwa ncha,
na ndani yake hamna kitu.