Mimi Si Jina

Mama alituzoesha, nyumbani kwetu Al-Khuwair,
ukibisha ukaitika "mimi", mlango haufunguliwi.
"Mimi si jina," husema kutoka jikoni.
"Hata mwizi ni mimi."

Hilo ndilo nililoliandika kwa lugha ya mashine
Alhamisi usiku, ofisini Ghala, chumba cha seva,
baridi ya kiyoyozi imenipenya hadi magotini
na nje lami bado inafuka joto.

Wasafiri wetu ni saba. Wanauza pampu, wanazitengeneza.
Mwezi uliopita Mundhir alifungua barua za kampuni
kwa waifai ya bure, mkahawani Sharjah,
akinywa karaki ya pili.
Mtu, labda wa meza ya jirani, labda wa nchi ya mbali,
akanywa naye.
Siku kumi na moja ndipo tukagundua:
ankara yetu, nembo yetu, sahihi ya Mundhir,
nambari ya benki tu haikuwa yetu.

Bwana Zahran, mtu wa Nizwa, akaitisha kikao.
"Tuchimbie falaji," alisema.
"Maji yapite chini kwa chini, jangwa lisijue."
Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia
kwamba falaji ina matundu juu, kila baada ya hatua kadhaa,
na mbuzi wa ami yangu alitumbukia kwenye mojawapo.

Basi nikachimba, na matundu nikaziba.
Kila neno lisimbwe kabla halijamtoka mwenyewe,
livurugwe, lisafiri kama makapi,
lije kuungwa huku, kwangu.
Kila laptopu nikaipa cheti chake,
na juu ya nywila, tarakimu sita
zinazozaliwa simuni, zikafa kwa nusu dakika.
Hodi.
Nani?
Mimi.
Mimi nani, na shahidi wako nani?

Saa tatu wakaanza kubisha.
Prakash, Sohar: amepita.
Khalfan, Salala, kwenye manyunyu ya kharifu: amepita.
Mundhir, Basra: amepita,
baada ya kukosea mara mbili na kunilaumu mimi.
Rayya, Duqm, chumba cha hoteli: amekataliwa.
Tena. Amekataliwa.
"Nywila ni ile ile," aniambia simuni,
"nimeiandika herufi moja moja kama mtoto wa chuoni."

Cheti sahihi. Nywila sahihi.
Tarakimu ndizo seva haizijui.
"Simu yako inasema saa ngapi?"
"Saa saba."
"Saa saba ya wapi, Rayya?"

Nilisikia kiyoyozi cha chumba chake, na changu.
"Ya Kuala Lumpur," akasema.
"Qais yuko mwaka wa kwanza. Niliisogeza kwa mkono,
nisije nikampigia kalala."

Nimezoea kuwaeleza mambo watu waliochoka.
Hili likanikwama.
Nilisema tu: "Irudishe. Saa nne nyuma."
Ukucha wake ukagonga kioo, tik, tik.
"Imefungua,"
kwa sauti ya mtu aliyevuliwa pete.

Hatukukata simu. Nikamwelekeza pa kuongeza mji wa pili,
saa ndogo, chini ya ile kubwa.
"Mlango hauisomi hiyo," nikamwambia. "Hiyo yako."

Saa sita na nusu nafika nyumbani,
mshika funguo wa watu saba,
na wangu nimeusahau juu ya seva.
Hodi.
"Nani?"
"Mimi," likaniponyoka.
Televisheni ikapunguzwa.
"Ghalia," nikasema. "Ghalia binti Suleyum."
"Jina hilo wengi wanalijua.
Leo mchana nilikufungia nini?"
"Papa mkavu. Na ndimu mbili, moja imeoza."

Kimya; anaipima ile ndimu.
Kisha komeo, taratibu,
likaanza kuvutwa.