Imetoka, Imetolewa

Mkono ulioandika ni huu.
Kalamu ya bluu, imefungwa uzi mezani isiibwe.
Saa tisa usiku, na mvua ya Tukuyu haina adabu,
inapiga bati hadi humsikii mgonjwa akijibu.

Tusekile aliletwa na trekta la chai,
kanga mbili, turubai,
damu imeshuka hadi ndani ya mabuti.
La kushoto nililimwaga mwenyewe.

Daftari linataka neno.
Nikaandika: mimba imetolewa.
Nilitaka kuandika imetoka.
Au sikutaka. Nilikuwa na usingizi,
na wengine wanne kwenye korido.

Silabi moja zaidi.
Asubuhi askari akaikuta, akaigusa kwa kidole:
Imetolewa na nani?
Mwalimu wangu wa Kiswahili angempa alama zote.
Wakamfunga pingu kwenye kitanda namba sita,
mkono uleule wa dripu.

Basi na mimi niulize kisarufi.
Alipewa mimba: nayo si kauli ya kutendwa?
Na nani?
Nyapara yupo, anapima chai leo kama jana,
anakata kilo mbili "za maji ya mvua" kila kikapu,
na hakuna sentensi inayomtafuta.

Mwaka juzi binti wa mwenye malori
alipelekwa Mbeya, ghorofa ya pili, pazia la kijani.
Karatasi yake niliiona:
Amesafishwa. Apumzike siku tatu.
Amesafishwa, kama sufuria.
Na yeye hakuna aliyemuuliza na nani.
Mama yake alituletea keki.
Nilikula.

Mahakamani walinisomea mwandiko wangu.
Ni wako? Ni wangu.
Imetoka au imetolewa? Jibu moja, nesi.
Mheshimiwa, nilimkuta anavuja damu nikaizuia.
Hilo sikuulizwa.
Usiku ule sikumuuliza Tusekile,
na hata leo, akinijia akataka kunieleza,
nitamwambia kunywa uji kwanza.

Kwao jina lake maana yake tumefurahi.
Karani aliliita mara tatu, kila mara kwa kulikosea.

Nje, mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi,
kiroba mapajani.
Nilidhani ni chakula cha mahabusu.
Ni mabuti, akasema. Nimeyaosha.
Ni ya kampuni, wanayadai.
Akanionyesha la kushoto, ndani, kwenye kisigino:
hapa pamekataa kutoka.