Pasipoti Saizi

Somoe Nangumbi ananiuliza, huku anabangua:
"Ile picha ya mikono yangu, uliipeleka wapi?"

Mbali, namwambia.
Ilitundikwa kwenye ukuta mweupe,
taa ikaimulika kwa juu,
na watu walioshika glasi wakaisogelea,
wakarudi nyuma hatua mbili,
wakaisogelea tena.
"Wakasemaje?"
Walisema ni nzuri.
Akacheka hadi korosho ikamponyoka,
ikajificha chini ya mkeka.
"Mikono hii?"

Miaka kumi na sita nimekula kwa jicho.
Nimempiga mama wa Goma akipima unga kwa kopo la rangi.
Nimepiga foleni ya maji Juba,
madumu yamesimama mstari, wenyewe wamelala.
Na hapa chini, Ruvuma, walipovuka na magodoro kichwani,
mtoto mmoja ana jogoo kwapani,
jogoo kimya, kana kwamba kaambiwa.
Chini ya kila picha niliandika mahali, tarehe, idadi.
Jina, nikilipata.

Ya Somoe sikuandika jina, na nilikuwa nalo.
Niliandika: *mbanguaji wa korosho, kusini mwa Tanzania,*
kama vile kusini ndiko kulikomzaa,
si Binti Mkwanda wa nyumba ya tatu,
aliyenipakata na mimi
siku za mnada, mama akichelewa.

Kazi hii nilijifunzia nyuma ya soko la Newala,
studio ya Nampembe,
ukutani kachora ngazi ya ndege, ndege yenyewe hakuimaliza.
Koti lilikuwa moja.
Wilaya nzima ililivaa.
Mabwana harusi, walimu wapya, marehemu watarajiwa,
wote mikono imefichwa na mikono ya koti.
Nampembe alikuwa akisema:
mteja akitoka bila kuiona sura yake,
umemwibia.
Nilikuwa na miaka kumi na minne; nilidhani anazungumzia chenji.

"Sasa nisikilize," anasema Somoe.
Laini yake ya simu imefungwa.
Kaenda mara tatu kwa kijana mwenye mashine.
Weka kidole. Futa. Weka kingine. Futa.
Utomvu wa maganda umekula mistari yote,
majivu hayakuzuia, nyonyo haikuzuia.
"Kaniambia, bibi, huna alama.
Misimu thelathini nabangua,
eti sina alama."

Inatakiwa barua ya mtendaji
na picha mbili, pasipoti saizi.

Nikatundika shuka kwenye ukuta wa udongo.
Akanawa uso kwa maji ya kununua,
kidogo, kwa kiganja kimoja,
yaliyobaki akayarudisha kwenye ndoo.
Akaificha mikono nyuma.
Kamera yangu, iliyozoea kusubiri chozi,
nuru ya dirishani, nzi mmoja mahali pake,
ikakosa la kufanya.
Fomu inataka masikio yaonekane,
macho mbele, usicheke.
Mara kumi na moja alicheka.
Ya kumi na mbili alikimeza kicheko, shavu likabaki limevimba kidogo,
nikabonyeza.

Kwenye steshenari, nane kwa elfu mbili.
Alizishika pembeni, kwa kucha,
asije akazitia mafuta.
Akaitazama moja muda mrefu,
kama mtu anayehakiki risiti.
"Nimefanana na mama," akasema. Halafu,
"Andika jina nyuma, lisije likapotea tena."

Sijui kama neno *tena* alilikusudia.

Nikaandika. Somoe Nangumbi. Somoe Nangumbi.
Kwenye ya sita kalamu ikaisha wino,
nikaanza kupapasa mifuko.

"Acha," akasema, "hizo mbili ni zangu.
Mimi najijua."