Daftari la Gatini

Daktari alisema: andika jina, kabila, daraja la tikiti,
ndipo uandike homa.
Nikafuata mpangilio huo miaka minne gatini Kisumu,
mkono ukaizoea njia
kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Meli ikitia nanga na bendera ya manjano,
wa daraja la kwanza walitoa ndimi kidogo, kwa adabu,
wakaenda kunywa chai.
Wa sitaha tuliwafungia banda la mabati nyuma ya ghala la pamba,
siku kumi na nne, chokaa mlangoni.

Tauni ilipozuka walilaumiwa watu wa bazaari.
Duka la Vithaldas likachomwa, na majora yake,
na mizani, na picha ya harusi ya bintiye.
Serikali ikanunua mikia ya panya, senti mbili mkia;
watoto wa Kajulu wakaanza kufuga.

Mahindi ya serikali yalipita bila gunia kufunguliwa.
Nilimwona panya akishuka nayo, mnene, hana haraka,
hana kabila wala tikiti.
Sikuwa na safu ya kumwandika.

Kisha Nyasembo, wa Sakwa, kutoka Jinja,
mtoto mgongoni.
Nilimpima mara mbili. Hakuwa na joto.
Lakini kuna mtu alifia sitahani, basi: bandani.
Mumewe Ogutu alikuja kila jioni nje ya waya
akamrushia viazi vya kuchoma, kimoja kimoja,
akingoja kwanza cha kwanza kidakwe.

Siku ya kumi na moja mtoto akafa
kwa kuhara, kwa maji ya pipa letu.
Andika tauni, alisema Daktari.
Nairobi walitaka hesabu.
Ramani mpya ya mji ilikuwa tayari mezani, imepigwa wino mwekundu:
huku wao, kule Wahindi, sisi mbali zaidi,
na katikati uwanja mtupu, wa upepo.

Nikaandika. Mwandiko wangu ulisifiwa.

Ogutu hakupiga kelele.
Aliomba tu nimwonyeshe jina la mwanawe kitabuni.
Hakujua kusoma.
Watoto hatukuwaandika majina; tuliandika *na mmoja*.

Nikashika kidole chake, kina masizi ya viazi,
nikakiweka juu ya neno *Sakwa*.
Akakiacha pale muda mrefu.
Alama yake bado ipo.