Umepija Ukuta

Bi Barka aliitoa picha kwenye mkoba wa dawa,
akailaza mezani pangu, kidole juu yake:
"Mume wangu u wapi hapa?"
Nikamwonyesha: huyo, kando ya mlango,
mdogo kama msumari uliosahauliwa na seremala.
"Mbona umepija ukuta?"

Kweli, nilikuwa nimepiga ukuta.
Ukuta, na mlango wa nakshi, na bomba la maji, na paka wawili,
na Kupi, fundi wa majiko ya mafuta, siku ya arusi ya mwanawe,
amesimama wima kama aliyeitwa na hakimu.
Nilimwambia mia mbili, akalipa bila neno.
Miezi minne baadaye tulimzika,
na picha yake ilikuwa hiyo, hiyo moja.

Usiku ule nilivuta kasha kutoka chini ya kitanda
nikaanza kuhesabu kuta zangu.
Bwana arusi wa Langoni ana masikio ya punda:
punda alipita nyuma, mimi nilikuwa nimeshughulika na kofia.
Watoto wa chuoni ni utosi mtupu,
kwa kuwa wao walikaa na mimi nilisimama.
Mwalimu wao, saa sita mchana, hana macho;
jua limemchimba mashimo mawili, likaondoka nayo.
Na Somoe, mweusi wa kung'aa,
Somoe ambaye mtaa mzima hugeuka akipita,
nimemfanya kivuli mbele ya shuka nyeupe.
Kamera iliipenda shuka. Nami nikaiachia.

Tangu hapo nimejifunza kuchelewa.
Nauliza jina kabla sijafungua lenzi.
Nawatoa watu juani, nawaketisha dakani,
pale mwanga wa kichochoro unapoingia kwa ubavu,
umeshagonga ukuta wa jirani ukapoa
kama chai iliyomiminwa kwenye kisahani.
Nasogea. Hatua moja,
halafu ile ya pili, ninayoionea haya.
Kwa mtoto hupiga magoti;
suruali zangu zote zimechakaa magotini,
mke wangu anadhani nimezidisha sunna.
Na sisemi tena "cheka."
Anayecheka kwa amri hucheka meno tu,
macho ameyaacha nyumbani.

Bado nakosea. Wiki jana nimemkata mtu vidole.

Juzi Bi Barka akarudi, kofia ya kushona kifuani.
"Nipije na mimi," akasema,
"si kwamba nina haraka ya kufa, ila wewe nakujua."
Alipokaa tu, mgongo ukanyooka, kidevu kikapanda,
hakimu akaingia barazani.
Nikaishusha kamera mapajani.
Nikamwuliza: Kupi alikuwa akianzaje, akiletewa jiko bovu?

"Hulinusa kwanza," akasema. "Kama tabibu.
Halafu hulitukana, kwa sauti ya chini,
jiko na aliyelileta. Halafu hufanya hivi—"
na mkono ukapanda, sindano bado vidoleni,
ukageuza tundu lisilokuwepo, polepole,
pua ikakunjika, mato yakafuata mkono—

hapo.

Sikupiga ya pili.
"Ndoo karibu nione," akasema, "sing'ati."
Akaiangalia mpaka muadhini akamaliza.
"Mkono huu si wangu," akasema. "Ni wake."
Akaipapasa kwa ukucha, kona hadi kona,
akiutafuta ukuta;
ulikuwepo, ufito mweupe pembeni, umenyamaza.

Akauliza bei. Mia mbili, nikasema.
Akafungua fundo la leso, akatoa mia.
"Mia ya pili," akasema, "nilishakulipa.
Niliulipia ukuta."