Jiwe Halinywi

Khon Kaen, saa moja asubuhi. Jeli ni baridi,
mzee Bunthom anacheka, tumbo linaruka chini ya mkono wangu.
"Ni kijiwe tu," ananituliza,
kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kupimwa.
Macho yake yana rangi ya bizari.
Mkewe, Lamduan, ameshika viatu vyake mkononi
kama mtu asiyekusudia kukaa.

Nami natamani liwe jiwe.
Jiwe nalijua: jeupe, kaidi,
linaangusha kivuli cheusi hadi chini ya kioo.
Ukimwambia mgonjwa alale ubavu
linabingirika kama gololi mfukoni mwa mtoto.
Lina adabu za mgeni. Liliingia, litatoka.

"Geuka, mzee."
Anageuka. Hakuna kinachobingirika.
Mirija ndani ya ini imefura,
na pale inapokutana pana kitu cha kijivu
kisicho na kivuli.
Lakini yapo mawe laini nayo hayana kivuli,
nimeshawahi kuapa nikaumbuka.
Simhukumu mtu kwa hilo.

Tunamwingiza kwenye sumaku. Shika pumzi. Achia.
Shika. Sirikanya anahesabu kwenye kipaza sauti,
mara ya tisa mzee anakohoa, tunaanza upya.
Nyongo inatokea nyeupe, imetulia.
Jiwe lingekaa humo likiwa jeusi,
na nyongo ukingoni mwake kama mwezi mwandamo.
Nautafuta huo mwezi.
Nautafuta tena.
Mrija umekatika ghafla, umepandisha mabega
kama mtu aliyeulizwa asilotaka kujibu.

Halafu dawa ya rangi, mshipani.
Dakika ya kwanza, kimya.
Ya tatu, kimya, na moyo wangu unaanza kunidanganya.
Ya tano, kile kitu kinakunywa,
taratibu, bila haraka yoyote,
kama mwenyeji.

Jiwe halina damu. Jiwe halinywi.

Watu husema jambo limetumbukia nyongo
wakimaanisha posa iliyovunjika, biashara iliyokufa.
Leo neno limerudi kwao.

Kwenye korido Lamduan ananiuliza kuhusu samaki,
wale wabichi, wa ndimu na pilipili,
wa kila msimu wa mavuno, tangu harusi yao.
"Nilimkatia mimi. Vipande vidogo vidogo."
Namwambia daktari wa upasuaji atakuja saa nne,
kwamba bado kuna kipande cha nyama cha kupimwa,
kwamba picha ni picha.

Ananitazama mdomo, si macho.
Kisha anaweka viatu chini,
kimoja, halafu cha pili,
anakaa.