Kadi Nyeusi

Jumamosi, nyuma ya soko la Kongowea,
wametupaka nyanya za kopo mapajani
wakatwambia: tayari, mumeshapasuka.

Mimi Mwanasha, muuza viazi karai,
nimelipwa soda na nauli nilale kwenye vumbi
nisipumue.
Mishi kapewa mguu unaovuja damu
na sauti yake mwenyewe, basi:
analia kama aliyedhulumiwa urathi.

Sajini Mwakio hana simile.
"Nyinyi ndio mutakaofika kwanza.
Ambulensi iko daraja la Nyali, imekwama.
Mwenye bodaboda, mchukuzi, muuza maji:
nyinyi. Na sikizeni.
Anayepiga kelele ana pumzi.
Mtafuteni aliyenyamaza."

Hapo moyo unanishuka.
Mwaka ule stoo za magunia ziliposhika moto
watu walikuja, tena wengi, tena kwa wema,
wakabeba kila aliyeita.
Baba Shee hakuita.
Alikuwa ameketi kando ya mzani,
kimya, kama anayesubiri chenji yake.

Filimbi.
Nasikia ndara zikikimbia.
Leso yangu ya pili inachanwa, ile mpya:
WEMA HAU inakwenda mguuni kwa Mishi,
OZI inabaki mkononi mwa mtu.
Wanakaza fundo kwa mwiko wa pilau.

Halafu magoti, kando yangu.
Nayajua magoti haya. Niliyapaka mafuta ya nazi
yalipokuwa madogo kama ndimu.
Shee ananiinua kidevu,
anaweka sikio mdomoni kwangu,
anahesabu. Jasho lake lanidondokea shavuni.
Sheria: asiyepumua, kadi nyeusi,
mruke, nenda kwa mwingine.
Kumfunga mamako kadi nyeusi
huo nao ni mwiko,
ila mwiko huu haukazi kitu.

Vidole vyatetemeka kwenye uzi.
Anafunga.
Anainuka.
Anampita Mishi na makelele yake,
anakwenda kwa Katana, mchukuzi,
aliyelazwa kimya chini ya mkokoteni,
na hapo, Mola nisamehe, napumua,
pumzi ndefu, ya miaka tisa.

"Bi Mwanasha! Wewe umekufa!"
Watu wanacheka. Hata Mishi, na mguu wake.
Shee hageuki.
Ameshapiga magoti tena,
sikio chini,
anasikiza.